Kutoka Mtaimbo Mpaka Kitufe: Historia ya Jeki

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Msaidizi wa darasa ayasome polepole, kisha kila mwanafunzi ajisomee mwenyewe.)

Fungueni madaftari, na penseli ziwe tayari, maana leo pana hesabu kidogo.

Mara nyingi tukitaja historia, watu hufikiri habari za wafalme na vita. Lakini vyombo vya kazi navyo vina historia yake. Jembe lina historia. Sindano ina historia. Na leo tutasoma historia ya jeki.

Jeki unaijua. Lori likipata pancha njiani, utingo huitoa jeki, akaiweka chini ya ekseli, akaanza kuzungusha au kupampu. Baada ya muda lori lenye tani kadhaa limeinuka, na gurudumu linaning'inia hewani. Tumezoea kuona jambo hilo, hata hatulistaajabii tena. Lakini jiulize: mtu mmoja mwenye mikono miwili anawezaje kuinua lori? Nguvu hiyo yatoka wapi? Shika swali hilo moyoni. Tutalijibu hatua kwa hatua, na tutaanza na jeki moja ya siku hizi ambayo haina hata haja ya mkono.

1. NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Kule Marekani kuna watu wengi wenye nyumba ndogo za safari. Nyumba hizo ni trela. Si trela ya kubebea mahindi au saruji. Hii ni nyumba hasa. Ndani yake mna vitanda, meza, jiko na tangi la maji. Mwenyewe huifunga nyuma ya motokaa, akaivuta mpaka ufukoni au mlimani, akakaa huko kwa siku anazotaka. Baadhi ya wasafiri hao ni wazee waliokwisha kustaafu.

Mbele ya trela pana shingo ya chuma. Mwisho wa shingo hiyo kuna kikombe cha chuma, nacho hukaa juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya motokaa. Kwa kawaida, katika kila sehemu 100 za uzito wa trela, sehemu 10 hadi 15 huilemea shingo hiyo. Piga hesabu. Trela ikiwa na kilo 3,000, shingo yake italemewa na kilo 300 mpaka 450. Mtu wa kawaida hawezi kuinua uzito huo kwa mikono mitupu.

Kwa hiyo penye shingo hufungwa jeki moja imara. Msafiri akifika kambini, kwanza huyazuia magurudumu ya trela kwa kabari. Kisha huushusha mguu wa jeki mpaka ardhini, akaendelea kuzungusha mpaka kikombe kiachane na tufe. Motokaa huondoka. Halafu huipandisha au kuishusha shingo mpaka sakafu ya nyumba iwe sawa, maana kitanda kilichoinama hakilaliki. Mwisho hushusha jeki nne ndogo, moja katika kila pembe, ili nyumba isitikisike watu wakitembea ndani. Siku ya kuondoka, kazi yote hurudiwa kinyume chake.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Kwa kijana si kitu. Lakini mfikirie bibi wa miaka 70, mwenye maumivu ya mkono na mgongo, amefika usiku na mvua inanyesha. Kwake yeye, mizunguko ile mingi yaweza kuwa sababu ya kuiuza trela na kuacha kabisa kusafiri. Ndiyo maana wengi sasa huiondoa jeki ya mkono na kufunga jeki ya umeme. Bibi yule husimama kando, akabonyeza kitufe, na shingo ya trela ikapanda yenyewe.

Yenyewe? Hapo ndipo penye somo letu. Mzigo haupandi wenyewe. Kazi ya kuinua haikufa, ilihama. Tangu zamani wanadamu wamekuwa wakiihamisha kazi hii: kutoka mgongoni kwenda kwenye mti, kutoka kwenye mti kwenda kwenye chuma, kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji, na mwisho kwenda kwenye umeme. Haya, tuifuate safari hiyo.

2. WENZO NA PARAFUJO

Chombo cha kwanza cha kuinulia ni wenzo. Wenzo ni mti mgumu au mtaimbo. Ukitaka kung'oa jiwe shambani, hupenyeza ncha ya mtaimbo chini ya jiwe, ukaweka kijiwe kidogo karibu na ncha hiyo, kisha ukaukandamiza upande wa pili. Upande wako ukiwa mrefu mara 10 kuliko upande wa jiwe, ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 10, utainua jiwe la kilo 100.

Lakini tazama mikono yako. Imeshuka sentimita 50, na jiwe limepanda sentimita 5 tu. Ulichopata katika nguvu, umekilipa katika mwendo. Basi, andikeni sheria hii katika madaftari yenu: NGUVU IKIPUNGUA, MWENDO HUONGEZEKA. Hakuna jeki duniani, ya zamani wala ya leo, iliyoivunja sheria hiyo.

Watu waliutumia wenzo kwa mazoea tu, tangu kabla ya vitabu. Mgiriki mmoja aitwaye Archimedes, wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily, alieleza kwa hesabu jinsi wenzo unavyofanya kazi. Archimedes aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake. Yasimuliwa kwamba aliwahi kuvuta meli iliyojaa watu na mizigo, naye ameketi, kwa kutumia kamba na makapi tu.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, huko Alexandria katika nchi ya Misri, alikuwako mtaalamu mwingine, jina lake Heron. Yeye aliandika habari za vyombo vitano vya kusogezea mizigo: winchi, wenzo, kapi, kabari na parafujo. Vitano hivyo ndivyo wazazi wa mitambo mingi uionayo leo. Kwa habari ya jeki, mzazi mkubwa ni parafujo.

Parafujo ni nini? Wengine huiita skrubu. Chukua karatasi, uikate iwe na pembe tatu, yenye mteremko upande mmoja. Sasa izungushe kwenye penseli yako. Tazama ule ukingo wa mteremko: unapanda ukiizunguka penseli. Hiyo ndiyo parafujo. Ni mlima uliozungushwa kwenye nguzo. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto haipandi mlima wima. Hujipinda na kuzunguka, na kwa sababu hiyo magari yenye mizigo huweza kupanda. Njia ni ndefu zaidi, lakini ni nyepesi zaidi. Parafujo hufanya vivyo hivyo.

Sasa hesabu. Tuseme mpini wa jeki yako una urefu wa sentimita 25. Ukiuzungusha mara moja, mkono wako husafiri karibu sentimita 157. Tuseme pia kwamba parafujo hupanda milimita 5, yaani nusu sentimita, kwa kila mzunguko mmoja. Gawa 157 kwa nusu. Utapata 314. Maana yake, nguvu ya mkono wako huzidishwa mara 314. Kwa kweli hupati yote hiyo, kwa sababu msuguano wa chuma kwa chuma hula sehemu kubwa, hata zaidi ya nusu. Ndiyo maana fundi hupaka grisi. Hata hivyo inayobaki yatosha mtu mmoja kuinua mamia ya kilo.

Na gharama yake? Ili mzigo upande sentimita 20, yakupasa kuzungusha mara 40. Mkono wako utakuwa umesafiri karibu mita 63. Haba na haba hujaza kibaba.

Parafujo ina fadhila nyingine. Ukiuachia wenzo, jiwe huanguka. Lakini parafujo ya jeki, ambayo mteremko wake ni mdogo, ukiuachia mpini mzigo hubaki pale pale. Waweza kupumzika, ukafuta jasho, ukaendelea. Kumbukeni fadhila hiyo, tutaikuta tena.

3. MJI ULIOINULIWA

Sasa twende Marekani, katika mji wa Chicago, miaka ya 1850. Mji huo upo kando ya ziwa Michigan. Ulijengwa juu ya ardhi ya chini sana, karibu sawa na maji ya ziwa. Maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Barabara zilikuwa matope matupu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mjini na kuua watu wengi.

Wakuu wa mji wakamwita mhandisi mmoja, Ellis Chesbrough. Yeye alisema mifereji haiwezi kuchimbwa chini, kwa sababu chini ni maji. Basi iwekwe juu ya barabara zilizopo, kisha ifunikwe kwa udongo, na barabara mpya zijengwe juu yake. Shauri likakubaliwa. Lakini angalia matokeo: barabara zikipanda, nyumba zitabaki shimoni. Kwa hiyo nyumba nazo zikabidi kuinuliwa.

Unasema nyumba ya matofali haiinuliki? Mwezi wa Januari mwaka 1858 waliinua ya kwanza. Ilikuwa nyumba ya ghorofa nne, na waliipandisha zaidi ya futi 6 kwa jeki 200 za parafujo. Mwaka 1860 wakafanya kubwa zaidi. Katika barabara iitwayo Lake Street, waliinua mstari mzima wa maduka na ofisi, urefu wake futi 320, yaani karibu mita 98. Walitumia jeki 6,000 na watu 600. Kwa muda wa siku 5 majengo yale yakapanda futi 4 na inchi 8, karibu mita moja na nusu. Nayo maduka hayakufungwa. Watu waliendelea kununua na kuuza ndani yake.

Gawa 6,000 kwa 600. Kila mtu alikuwa na jeki 10. Ishara ikitolewa, kila mmoja huzungusha jeki zake kidogo, moja baada ya nyingine, kisha hungoja ishara nyingine. Hapakuwa na nafasi ya mtu kuonyesha ubingwa wake. Mmoja akiharakisha, upande wake ungepanda mbele ya wenzake, na ukuta ungepasuka. Kilichouinua mji wa Chicago ni parafujo pamoja na watu waliokubali kwenda kwa hatua moja. Na faida yake haikuwa uzuri wa mji tu. Ilikuwa mifereji, yaani kuyatoa maji machafu kati ya watu.

Katika wakandarasi wa kazi ile alikuwamo bwana George Pullman. Katika miaka ya 1860 bwana huyo akaunda mabehewa ya kulala abiria katika gari moshi, na mabehewa yake yakawa mashuhuri. Kwanza aliinua nyumba zilizosimama, kisha akaunda nyumba zinazotembea.

4. MAJI YANAYOINUA CHUMA

Jeki ya parafujo ni nzuri, lakini ni ya polepole, na mzigo ukiwa mkubwa mno msuguano huwa mkali. Njia nyingine ilikuwa imefichwa ndani ya maji.

Mfaransa mmoja, Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623 na kufa mwaka 1662, alichunguza tabia ya maji yaliyofungiwa ndani ya chombo. Aliona kwamba ukiyasukuma maji hayo mahali pamoja, msukumo huenea sawa kila upande. Fikiri vyombo viwili vilivyounganishwa kwa bomba, kila kimoja kina kizibo kinachoteleza. Kizibo kidogo kina eneo la sentimita 1 ya mraba. Kizibo kikubwa kina eneo la sentimita 100 za mraba. Ukikisukuma kidogo kwa nguvu ya kilo 5, kikubwa kitainua kilo 500.

Je, sheria yetu imevunjika? La. Ili kizibo kikubwa kipande sentimita 1, kidogo lazima kishuke sentimita 100. Ni sheria ile ile, imevaa nguo nyingine. Ndiyo maana utingo hupampu jeki mara nyingi, nalo lori hupanda kidogo tu kila mara.

Maarifa ya Pascal hayakuwa chombo cha kazi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1795 Mwingereza aitwaye Joseph Bramah, fundi hodari wa makufuli na mtoto wa mkulima, alipata hati ya mtambo wa kukandamiza kwa nguvu ya maji. Shida kubwa ilikuwa kuzuia maji yasivuje kando ya kizibo. Husemwa kwamba msaidizi wake, Henry Maudslay, ndiye aliyepata dawa: ukosi wa ngozi ambao hubana zaidi kadiri maji yanavyousukuma. Tazama, ndugu mwanafunzi, jinsi jambo kubwa lilivyongoja kipande cha ngozi.

Mwaka 1851 Richard Dudgeon, fundi mzaliwa wa Scotland aliyeishi New York, alipata hati ya jeki ya namna hiyo iliyo ndogo ya kuchukulika. Ile jeki ya kupampu ya lori ni ya ukoo huo. Siku hizi mafuta hutumika badala ya maji, nayo huitwa jeki ya hidroliki.

Haikupita miaka mingi, nguvu hiyo ikapata mtihani mkubwa. Mhandisi wa Uingereza, Isambard Kingdom Brunel, alikuwa amejenga meli ya chuma iitwayo Great Eastern, kando ya mto Thames mjini London. Urefu wake ulikuwa karibu mita 211, na hapakuwako meli kubwa kama hiyo duniani siku zile. Mto ulikuwa mwembamba, hivyo meli ilibidi iteremshwe kwa ubavu. Tarehe 3 Novemba 1857 walijaribu kuiteremsha. Meli ikajitupa ghafula. Mnyororo ukalivuta pipa la winchi lililokuwa likiuzuia, mipini ya winchi ikazunguka kwa kasi kinyumenyume, ikawapiga watu waliokuwa karibu. Mtu akafa. Na meli haikufika majini.

Kazi ikaendelea miezi kadhaa. Wakaletwa mitambo ya maji, pamoja na jeki za ndugu wa ukoo wa Tangye, mafundi wa Birmingham. Mitambo hiyo iliisukuma meli kidogo kidogo, mpaka ikaelea tarehe 31 Januari 1858. Nguvu ya pole iliweza pale ambapo nguvu ya ghafula ilikuwa imeua. Na mnaona tofauti ya winchi na parafujo? Mzigo ukizidi, winchi yaweza kurudi nyuma na mpini wake ukawa rungu. Usisahau mpini huo.

5. KUTOKA HENDELI MPAKA KITUFE

Sasa turudi kwenye motokaa. Nyingi za motokaa za kwanza ziliwashwa kwa hendeli. Dereva alisimama mbele ya gari, akatia hendeli, akazungusha kwa nguvu. Mara nyingine injini ilirudisha teke, na hendeli ikavunja mkono wa mtu. Ni hatari ile ile ya mpini wa winchi.

Mmarekani Charles Kettering aliunda mota ya umeme ya kuwashia injini, na motokaa za Cadillac za mwaka 1912 zilitolewa zikiwa na kifaa hicho. Dereva alibonyeza tu, injini ikawaka. Wazee na watu wasio na nguvu nyingi, waliokuwa wakiogopa hendeli, sasa waliweza kuendesha bila kumwomba mtu msaada. Baada ya muda motokaa nyingi zikabeba betri na mota. Umeme ulikuwa umepanda garini, ukingoja kupewa kazi nyingine.

Nyumba za safari nazo zilikuwa zikikua. Mwaka 1885 daktari mmoja wa Uingereza, Gordon Stables, aliundiwa gari la safari lenye kitanda na jiko, likivutwa na farasi wawili. Magari ya farasi yalipoondoka, motokaa ikachukua nafasi. Huko California, mwaka 1931, bwana Wally Byam alianzisha kampuni ya Airstream ya kutengeneza trela za kuishi. Trela zake za bati la alumini ziling'aa kama kioo. Bwana huyo alipenda kuongoza misafara mirefu. Mmoja wa misafara hiyo ulifika huku kwetu: mwaka 1959 trela 41 zilianza safari kutoka Cape Town, zikapita Kenya na Ethiopia, na mwaka 1960 zikafika Misri, kwenye mapiramidi. Fikiri kazi ya kusimamisha kambi ya nyumba 41 kila jioni, katika siku ambazo kuzungusha jeki ya trela kulikuwa kazi ya mkono.

Sasa tuifungue jeki ya umeme ya yule bibi wetu, tuone ndani mna nini. Juu kuna mota ndogo inayotumia umeme wa betri ya volti 12, sawa na betri ya motokaa. Mota huzunguka upesi sana, lakini nguvu yake ni ndogo. Chini ya mota kuna gia, yaani magurudumu yenye meno. Gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Na chini ya gia, ndani ya mguu wa chuma, tunamkuta nani? Parafujo! Ile ile aliyoiandika Heron, ile ile iliyouinua mji wa Chicago. Nayo, kama zamani, haiachii mzigo ukiacha kubonyeza.

Jeki nyingi za namna hii huweza kuinua karibu kilo 1,600, na mguu wake hupanda karibu sentimita 45. Kuifunga si kazi ngumu. Fundi hufungua bolti tatu za jeki ya zamani, huiweka mpya katika tundu zile zile, kisha huvuta waya mpaka kwenye betri kupitia fyuzi. Trela nyingine huwekewa mota katika jeki za pembeni pia. Na zile kubwa kabisa huwa na jeki za hidroliki zinazojisawazisha zenyewe; hapo Pascal na Bramah wapo kazini.

Basi, sheria yetu ingali hai. Mota huzunguka mara nyingi sana ili mzigo upande kidogo. Ile mita 63 ya mkono ingali inasafiriwa, ila sasa msafiri ni mota. Na nguvu ya mota imetoka katika betri, na betri imejazwa na injini iliyokula petroli, au na jua. Kazi imehama; haikufutwa.

6. MAMBO AMBAYO KITUFE HAKIJUI

Kwa kuwa kazi imehama, hatari nayo haikufutwa. Kitufe hakina macho wala akili. Haya hapa mambo manne ya kukumbuka, na yanafaa kwa jeki ya lori pia.

Kwanza, tia kabari. Trela iliyoachana na motokaa hushikwa na jeki na kabari tu. Bila kabari, yaweza kubingirika ikamponda mtu.

Pili, weka ubao mpana na mgumu chini ya mguu wa jeki. Ardhi laini huumeza mguu mwembamba. Wale mafundi wa Chicago walipanga magogo kwanza, ndipo wakaweka jeki.

Tatu, usiingie chini ya mzigo ulioshikwa na jeki peke yake. Jeki ya hidroliki yaweza kuvuja. Jeki yo yote yaweza kuinama na kuteleza. Ukitaka kufanya kazi chini ya gari, weka kwanza nguzo madhubuti za kuligemea. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mafundi wengi wamekufa kwa kusema, "Ni dakika moja tu."

Nne, usiitupe hendeli. Jeki nyingi za umeme huuzwa pamoja na hendeli yake, na juu ya mota kuna kifuniko, na chini ya kifuniko kuna mahali pa kuitia. Betri ikifa porini, anayejua hendeli iko wapi atalala mahali palipo sawa na kesho atasafiri. Asiyejua atangoja msaada.

Basi, ndugu wanafunzi, tunaweza sasa kujibu swali letu. Utingo anaweza kuinua lori kwa sababu mkono wake husafiri mbali ili lori lipande kidogo. Na bibi yule wa trela anaweza kuinua nyumba yake kwa kidole, kwa sababu nyuma ya kidole chake wapo watu wa zaidi ya miaka 2,000, kila mmoja ameongeza kitu kidogo. Si jambo la kulicheka. Kitufe kile kimemrudishia njia yake mtu ambaye mikono yake imechoka. Lakini usalama wake haumo ndani ya kitufe. Umo katika kuijua kazi inayofanyika nyuma yake.

Hayo ndiyo ya leo. Msaidizi wa darasa sasa ataongoza maswali.

MASWALI YA DARASA

1. Wenzo una upande mrefu wa sentimita 120 na upande mfupi wa sentimita 20. Ukikandamiza kwa nguvu ya kilo 15, utainua kilo ngapi?
2. Kwa nini nyumba za Chicago ziliinuliwa? Taja sababu mbili.
3. Trela ina uzito wa kilo 2,000. Shingo yake italemewa na kilo ngapi, tukihesabu 10 katika kila 100?
4. Winchi na parafujo vina tofauti gani mtu anapouachia mpini?
5. Andika sentensi tatu juu ya chombo kimoja cha nyumbani kwako ambacho zamani kilitumia mkono na sasa kinatumia umeme. Kazi yake imehamia wapi?

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA MARA TATU

wenzo, mtaimbo, kabari, kapi, parafujo, hendeli, gia, msuguano, betri, kitufe